Chungu cha koko ni maktaba: tuandike kabla hajanyamaza

Wiki hii hatuongei juu ya likelemba wala juu ya bei ya makala. Tunaongea juu ya kitu ambacho wengi wetu tunacho nyumbani na hatukitunzi: namna koko anavyopika, na habari zinazotoka kinywani mwake akiwa anapika.

Hapa Goma tunajua vizuri namna ukumbusho wa jamaa unavyopotea. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka, moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Nyumba ziliungua, na ndani yake picha za ndoa, vyeti vya ubatizo, barua, karatasi za kiwanja. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulirudia tena, na siku tano nyuma yake, serikali ilipoomba watu waondoke, tulikimbilia Sake, Minova, Gisenyi na Bukavu na watoto mgongoni. Wengine kati yetu wamekimbia mara nyingi zaidi, juu ya vita. Nani alibeba albamu ya picha? Tulibeba sufuria, godoro na unga. Lakini mama aliyefika kambini mikono mitupu alikuwa bado anajua kutwanga sombe sawasawa na mama yake. Kile ndicho kilichobaki. Na kile nacho kinakufa na mtu, kama hakuna aliyekiuliza.

Tuchukue sambaza. Watoto wetu wanafikiri samaki huyu aliumbwa pamoja na ziwa Kivu. Hapana. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Ni ndugu ya ndakala ambayo wenzetu wa Uvira na Kalemie wanakula. Mbele ya hapo wavuvi wa Kivu walitoa tilapia, kambale na samaki wengine wa pale pale. Uvuvi wa usiku tunaoujua leo, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, taa zinawaka, wanaume wanaimba, ulikomaa nyuma yake. Kwa hiyo koko aliyezaliwa mbele ya 1950 anaweza kukuambia alikuwa na umri gani alipoonja sambaza mara ya kwanza, nani aliileta nyumbani, na kama mama yake aliikubali au aliitupia paka. Swali moja tu, na tayari unajua ukoo wenu ulikuwa unakaa wapi miaka ile. Ukitaka mengine, muulize kwa nini bei inapanda mwezi ukiwa mpevu. Atacheka: taa ya mvuvi haina nguvu mbele ya mwezi, samaki hawaifuati.

Mchele nao una safari yake. Wamama wenye asili ya Kasongo na sehemu zingine za Maniema wanajua kwamba mchele ulishika kwao na misafara ya wafanyabiashara waliotoka upande wa Zanzibar katika karne ya 19, pamoja na hii Kiswahili tunayoandika. Ilikuwa pia misafara ya watumwa. Sahani moja inaweza kubeba mambo mawili, na koko asipotaka kuongea juu ya lile la pili, usimlazimishe. Andika tu alichosema.

Lakini sombe na mihogo ndiyo inayotuhangaisha zaidi, sababu pale kusahau kunaweza kuumiza mtoto. Majani ya mihogo yana sumu, na mihogo michungu vilevile. Kutwanga majani mpaka yalainike kabisa, kuyachemsha muda mrefu, kuacha sufuria wazi kwanza ili mvuke utoke: hiyo si maringo ya wazee, ndiyo inayotoa sumu. Mihogo michungu, koko analowesha siku tatu au nne ndani ya maji, anamenya, anaanika juani mpaka ikauke vizuri. Wakati wa njaa au wa kukimbia, watu wanakata siku moja, kisha mbili. Pale ndipo ugonjwa wa konzo unaingia: miguu yote miwili inakaza kwa ghafula, na haiponi. Unashika hasa watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Daktari mmoja aliuandika mwaka 1938 kule Kwango, na jina lenyewe ni la Kiyaka. Nyama, samaki au maharagi pembeni ya bugali vinasaidia mwili kupambana na ile sumu. Basi msichana wako akiandika tu «lowesha mihogo», hajaandika kitu. Aandike siku ngapi, na koko anajua kwa alama gani kwamba imeiva: kwa harufu, kwa kidole, kwa rangi ya maji.

Vipimo ndiyo shida kubwa. Koko anasema «tia chumvi kidogo», «mafuta ya ngazi ya kutosha». Usimkatize. Mwache atie kwa mkono wake, kisha upokee ile chumvi ndani ya kijiko kabla haijaanguka ndani ya sufuria, upime. Atakukasirikia kidogo, haidhuru. Andika jina la chakula kwa lugha yake, Kinande, Mashi, Kihunde, Kinyarwanda, Kilega, usilibadilishe kwa Kifaransa ili lionekane zuri. Andika alijifunza kwa nani, kijiji gani, na kilipikwa siku gani: matanga, mavuno, mtoto akitoka nje mara ya kwanza. Simu inaweza kushika sauti yake, lakini simu inaibiwa na betri inakufa. Kaye iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki inakaa. Kaye mbili ni bora kuliko moja, na ya pili ikae kwa ndugu wa mji mwingine.

Kuna wamama wanaoandika chakula cha sikukuu tu. Sisi hatukubaliani nao. Andikeni pia chakula cha shida: majani ya porini tuliyokula njiani, uji usio na sukari, maharagi ya kugawiwa yasiyoiva kwa kukosa makala. Miaka ile ni yetu pia, na watoto waliozaliwa ndani yake watauliza.

Siku ya mkutano ujao kila kundi lilete kaye moja na biki, na mama mmoja aliyepita miaka 65. Tutaanza na sambaza. Mwenye mbabula kubwa ajulishe mwandishi wa kundi lake mapema, makala tutachangia.