Agizo Lisilosubiriwa: Neno Moja la Kiini cha Kompyuta

Miongoni mwa maswali yaliyotufikia kutoka kwa wafasiri wa vitabu vya kompyuta, moja limetushughulisha kuliko yote. Yaitweje kwa Kiswahili ile sehemu ya programu ambayo uzi mmoja huikabidhi kwa kiini cha mfumo ili itekelezwe baadaye, pengine na uzi mwingine kabisa, huku ule wa kwanza ukiendelea na shughuli zake? Katika mswada wetu wa kwanza tuliiita "mwito wa kurudi", tukifuata umbo la neno la Kiingereza. Katika makala haya tutaeleza kwa nini tumeliacha jina hilo.

Yafaa tuanze na maneno ya msingi. Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayozigawia programu zote kumbukumbu, vichakataji na vifaa. Uzi ni mfuatano mmoja wa amri zinazotekelezwa, na mashine moja huweza kuwa na nyuzi mamia. Katizo ni ishara ya kifaa inayokilazimisha kichakataji kuacha lililo mkononi na kukihudumia kifaa hicho kwanza. Maneno haya hayana ubishi mkubwa, ingawa "uzi" bado humchekesha mwanafunzi anayelisikia kwa mara ya kwanza.

Sasa tutazame kazi ya kusoma diski. Uzi wa programu ya mishahara wahitaji orodha ya wafanyakazi. Diski ya sahani zinazozunguka huchukua milisekunde kadhaa kuifikia orodha hiyo, na katika muda huo kichakataji chaweza kutekeleza mamilioni ya amri. Haifai kikae bure. Kwa hiyo kiini huipelekea diski ombi, kikaweka kando agizo la nini kifanyike ombi likitimia, kisha kichakataji kikapewa kazi nyingine. Diski imalizapo hupiga katizo. Katizo hilo laweza kukifikia kichakataji kingine, ambacho wakati huo kinatekeleza uzi wa programu ya kuandikia barua. Barua husimamishwa, na agizo lililotokana na mishahara hutekelezwa hapo hapo.

Msomaji na aangalie ni nani aliyetekeleza. Si uzi wa mishahara, la hasha. Lakini "mwito wa kurudi" humwambia mwanafunzi kwamba jambo limemrudia yule yule aliyeita. Akiamini hivyo atakosea mara tatu. Atajaribu kufikia kumbukumbu ya programu ya mishahara, naye atakuta ya programu ya barua. Ataandika amri ya kulala hadi jambo fulani litokee, na hilo ni marufuku ndani ya katizo, kwani atakayelazwa ni uzi usiohusika. La tatu ndilo baya zaidi: huenda akadai kufuli ambalo tayari limeshikwa na uzi uliokatizwa. Uzi hauwezi kuliachia kufuli mpaka agizo liishe, na agizo haliwezi kuisha mpaka kufuli liachiwe. Kichakataji kitakwama hapo.

Ndiyo maana tumependekeza "agizo". Katika Kiswahili cha kila siku mtu huacha agizo dukani: mzigo ukifika, upelekeni nyumbani. Aliyeacha agizo amekwenda zake, na atakayelitimiza ni yeyote atakayekuwapo dukani siku hiyo, si lazima awe yule aliyelipokea. Maana tuitakayo imo tayari katika neno lenyewe. Mwenzetu mmoja alitetea "wasia" kwa bidii, akisema kwamba uzi ulioacha agizo huenda umekwisha kabla agizo halijatekelezwa. Ni kweli hutokea. Hata hivyo nyuzi nyingi huwa bado hai, nasi hatukuona sababu ya kuzizika mapema.

Sifa yake nayo ilitupa taabu. Baadhi ya miswada husema "lisilo la wakati mmoja". Hili si pungufu tu, bali ni kinyume cha ukweli. Penye vichakataji viwili, agizo na uzi uliolitoa vyaweza kutekelezwa katika nukta ile ile, na hiyo ndiyo sababu kufuli huhitajika. Kinachokusudiwa ni kwamba mwenye agizo hakai kulisubiri. Tumechagua basi "agizo lisilosubiriwa".

Mfumo wa Windows NT, uliotolewa mwaka 1993, unatuonyesha kwamba neno moja pekee halitoshi. Mbunifu wake mkuu, David Cutler, alikuwa pia miongoni mwa waliobuni mfumo wa VMS katika kampuni ya Digital miaka ya 1970. Katika Windows mna foleni ya namna mbili. Moja ni ya kila kichakataji, na maagizo yake hutekelezwa juu ya uzi wowote uliokutwa hapo. Nyingine ni ya kila uzi, na maagizo yake hutekelezwa na uzi huo tu, pamoja na kumbukumbu zake. Ya kwanza tumeyaita "maagizo ya kichakataji", ya pili "maagizo ya uzi".

Kiini cha Linux kilitufundisha kwa aibu kidogo. Tangu mwaka 2002 kina utaratibu uitwao RCU, ambao huwezesha nyuzi nyingi kusoma orodha bila kufuli. Mwenye kuondoa kitu katika orodha hakiharibu papo hapo. Huacha agizo kiharibiwe baada ya wasomaji wote waliokuwamo kutoka. Sasa zipo amri mbili za kusubiri. Moja husubiri wasomaji watoke, nyingine husubiri maagizo yenyewe yatekelezwe yote. Katika mswada wetu zote mbili ziliandikwa "subiri".

Fikiria mwandishi wa moduli anayetaka kuiondoa moduli yake. Amesubiri wasomaji, wametoka, naye ameifuta moduli katika kumbukumbu. Lakini agizo lake lingali katika foleni. Zamu yake ifikapo, kichakataji huruka hadi mahali palipokuwa na amri za moduli na kukuta hapana kitu, au pana kitu cha mwingine. Kiini huanguka, na mashine nzima pamoja nacho, kwa kuwa chini ya kiini hapana wa kukiokoa. Kwa hiyo sasa tunaandika "kusubiri wasomaji" na "kumaliza maagizo", na tunawaomba walimu wasiyachanganye.

Limebaki jambo moja hatujaafikiana. Agizo lililo katika foleni laweza kuondolewa kabla ya kutekelezwa, lakini lililokwisha kuanza halirudishwi, ila husubiriwa liishe. "Kufuta" tumekwisha kulitumia kwa faili. "Kutangua" limependwa na wengi, lakini halionyeshi tofauti ya hali hizi mbili. Wasomaji wenye neno lililo bora watuandikie kabla ya kikao kijacho cha kamati.