Nyama Nusu Kilo, Watu Nane: Chapati za Kupanga

Sisi wote tunajua namna nyama inavyogawanywa nyumbani. Baba anapata vipande vikubwa, mgeni akiwepo anafuata, watoto wakubwa wananyang'anyana vilivyobaki, na yule mdogo wa mwisho anachovya bukari katika mchuzi mtupu. Mama mwenyewe, hata akiwa na mimba, anakula nyuma ya wote. Juma hili tunawaletea chakula kinachomaliza mambo hayo bila kugombana na mtu: chapati zinapangwa tabaka kwa tabaka na nyama ya ng'ombe, zinapikwa katika sufuria moja, halafu zinakatwa kama keki. Kila kipande kina nyama sawa na kingine.

Asili yake ni Mexico. Huko wanapanga tortilla, mkate mwembamba wa mahindi. Wenyeji wa kule tangu zamani wanachemsha mahindi na chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo inafungua vitamini iliyojificha ndani ya punje. Watu wa nchi nyingine waliochukua mahindi bila kuchukua desturi hiyo, wakala mahindi karibu peke yake, walipata ugonjwa wa ngozi unaoitwa pelagra. Ndiyo maana bukari inataka mwenzake: maharagwe, samaki au nyama. Wamarekani wao waliongeza nyama ya kusaga na jibini nyingi, wakaoka katika oveni.

Hapa kwetu oveni ni ya wachache, na jibini ya Masisi ikifika inakuwa ya bei. Jina la Piana-Mwanga wengine wanalijua kwa ajili ya mtambo wa umeme wa mto Luvua, uliojengwa kwa migodi ya bati ya Manono. Lakini jikoni ni makala na mbabula. Inatosha kabisa.

Tafuta nyama nusu kilo, unga wa ngano nusu kilo, maharagwe yaliyopikwa glasi mbili, tomati sita zilizoiva, vitunguu vitatu, kitunguu saumu, karoti mbili, mayai mawili, chumvi na mafuta. Pilipili weka pembeni, kwa sababu ya watoto.

Nyama ikatwe kwa kisu vipande vidogo sana, kama punje za mahindi. Ichemshe na chumvi na maji kidogo mpaka ilainike na isibaki nyekundu ndani, maana nyama mbichi inaweza kuleta tegu. Kaanga vitunguu, tia saumu, karoti na tomati, kisha nyama na maharagwe. Sasa uwe na subira: mchuzi ukauke mpaka ukipitisha mwiko uone chini ya sufuria. Mchuzi wa maji utageuza chapati kuwa uji, na hapo hakuna cha kukata.

Unga uukande, uuache upumzike nusu saa, halafu usukume chapati tano zenye upana wa sufuria yako. Zichome kidogo tu, zisikauke. Sufuria nzito ndiyo nzuri. Ile nyembamba inaunguza.

Paka mafuta chini, laza chapati ya kwanza, tandaza mchuzi, laza ya pili, na kuendelea hivyo hadi chapati ya tano iwe juu. Piga mayai na chumvi kidogo, umimine juu yake. Funika kwa mfuniko wa bapa. Acha makala machache chini, na mengi uyaweke juu ya mfuniko, kama mama zetu walivyofanya kwa keki na wali. Baada ya dakika 20 hadi 25 mayai yameshikana. Epua, ngoja dakika 10, ndipo ukate vipande vinane. Ukikata mara moja vitamwagika.

Tunawakumbusha wenye mimba na wenye watoto wadogo: nyama ya ng'ombe ina madini ya chuma yanayoongeza damu, na tomati inasaidia mwili kuyapokea. Chai inayazuia, basi isubiri saa moja hivi. Mikono na sabuni kabla ya kusukuma unga, na tena kabla ya kula. Kipindupindu tunakijua hapa Kalemie. Bila friji, chakula hiki kiliwe siku ile ile, kisilale.

Nyama ikipanda bei, fanya na mikebuka ya kukausha iliyotolewa miiba, au ndakala waliokatwa vichwa na kukaangwa. Hapo punguza chumvi, na maharagwe yaongeze glasi moja. Watoto wengine watauliza nyama iko wapi, lakini kipande watamaliza.