Asili ya Dubu katika Nembo ya Berlin

Jina la Berlin halina uhusiano na dubu. Wanalugha wengi hulinasibisha na shina la Kislavi lenye maana ya kinamasi, kwani Waslavi walikaa nchi hiyo kabla ya Wajerumani. Yaelekea Wajerumani walisikia katika silabi ya kwanza neno lao wenyewe, Bär, yaani dubu. Muhuri wa mwaka 1280 una dubu wawili kando ya tai wa Brandenburg. Mwaka 1448 Friedrich wa Pili aliuvunja uhuru wa mji. Katika muhuri wa 1460 tai amemkalia dubu mgongoni, na picha hiyo haihitaji mfasiri. Katika nembo iliyotungwa mwaka 1954 kwa Berlin ya Magharibi, na kuenea mji mzima mwaka 1990, tai hayumo.