Kurasa 38, Simu Hailii!

Nimewahi kusuluhisha ugomvi mwingi wa mtu na mumewe. Meseji za usiku wa manane, mawifi wasiobanduka, hela ya matumizi isiyotosha, yote nimesikia. Lakini siku ile shoga yangu aliponipigia saa tatu usiku huku analia, sikutegemea ningefika kwake na kukuta watu wamenuniana kwa sababu ya tovuti.

Shoga yangu na shemeji wana duka la kukodisha mashela na suti za harusi pale Sinza. Duka linawalisha, halijawatajirisha. Kwa miaka miwili walikuwa wanaweka akiba ya kupaua nyumba yao, maana kuta zimeshasimama na kilichobaki ni mbao na bati. Basi bwana, shemeji akasikia kwamba siku hizi bibi harusi hatembei mtaa kwa mtaa, anaanzia Google. Akachukua sehemu ya hela ya bati, akampa kijana mmoja awatengenezee tovuti. Kijana akaja na orodha ndefu ya maneno ambayo watu huandika wakitafuta mashela, na akaelekeza kwamba kila neno lipewe ukurasa wake. Zikatoka kurasa 38.

Miezi sita ikapita. Simu zilizotokana na tovuti unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na dole gumba linabaki. “Umeninunulia kurasa 38, kwa hiyo tukahamie humo?” Hilo ndilo neno la shoga yangu lililowasha moto. Shemeji naye akajibu kwamba yeye hajui chochote kuhusu Google, akapime viuno vya watu.

Mimi nikaomba niione hiyo tovuti. Ukurasa wa kwanza: “Kukodi shela Dar es Salaam.” Wa pili: “Shela za kukodi Dar.” Wa tatu: “Bei ya kukodi shela.” Wa nne: “Gauni la harusi la kukodi.” Zote zina aya tatu zilezile, kilichobadilika ni kichwa cha habari tu. Na huo wa bei, usicheke, hauna bei.

Kusema haki, ushauri wa kijana ule uliwahi kuwa na faida. Zamani injini za utafutaji zilitazama zaidi herufi: ukiandika neno hilihili mara nyingi kwenye ukurasa, unaonekana. Mwaka 2011 Google ilileta badiliko liitwalo Panda, tovuti zenye kurasa nyepesi zisizo na kitu zikaporomoka. Mwaka 2013 likaja Hummingbird, ambalo hutazama maana ya swali zima badala ya neno mojamoja, na mwaka 2019 ikaongezwa BERT ya kuelewa vizuri zaidi namna maneno yanavyoshikana. Kwa hiyo leo “kukodi shela” na “shela la kukodi” kwa Google ni mtu yuleyule anayebisha hodi. Ukimwekea kurasa mbili zinazosema kitu kimoja, zinageuka wake wenza: zinagombania mume mmoja, na mara nyingine mume mwenyewe analala kwa jirani. Isitoshe, kutengeneza lundo la kurasa zinazofanana ili tu kunasa watafutaji ni kosa kwa kanuni za Google zenyewe.

Nilipomweleza hivyo, shemeji alinyamaza. Kisha akauliza swali la kiume: “Sasa nifute zote?”

Tukatandika mkeka sebuleni. Shemeji alileta orodha yake. Shoga yangu alileta daftari la dukani na simu yenye meseji za wateja wa WhatsApp. Tukakata karatasi vipande vidogo, kila sentensi ambayo mteja aliwahi kuandika au kuuliza ikapata kipande chake. Tukaongezea mengine kwa njia ambazo hata wewe unaweza kuzitumia bila kulipa. Anza kuandika neno kwenye Google uone linavyojimalizia lenyewe. Shuka chini kabisa ya ukurasa wa majibu uone utafutaji unaohusiana. Kama tovuti ipo tayari, fungua Search Console, ambayo ni ya bure na inakuonyesha maneno yaliyofanya ukurasa wako uonekane. Kuna pia Keyword Planner, iliyo ndani ya akaunti ya matangazo ya Google, inayokisia neno linatafutwa mara ngapi kwa mwezi. Asiyelipia matangazo hupewa makisio ya jumla tu, na kwa maneno ya Kiswahili mara nyingi utakuta patupu. Patupu pale hapamaanishi kwamba hakuna anayeuliza. Lile daftari lilikuwa limejaa maswali ambayo chombo hakikuwa na habari nayo.

Hapo kwenye kupanga ndipo ugomvi wa pili ulipozuka. Shemeji alikusanya kwenye fungu moja kila kipande chenye neno “shela”: shela la kukodi, kushona shela, jinsi ya kufua shela. Shoga yangu akaangua kicheko, cha kwanza usiku ule. “Anayeuliza jinsi ya kufua shela si kashaolewa huyo!”

Na kweli. Neno ni moja, watu ni watatu. Mmoja ana harusi mwezi ujao na hela ya kukodi, wa pili anataka fundi, wa tatu ana doa la pilau kwenye satini. Upande mwingine, “bei ya gauni la harusi Sinza” na “mashela mazuri ya kukodi” hayafanani sana kwa maneno, lakini aliyeandika ni bibi harusi mmoja, na ukurasa mmoja mzuri unamtosha. Tukaanza upya, safari hii tukiuliza kwa kila kipande: huyu ni nani, na akimaliza kusoma anataka kufanya nini?

Walipobishana, na walibishana sana, tulitumia mtihani rahisi. Fungua dirisha la faragha kwenye simu ili Google isijibu kwa kufuata mazoea yako. Tafuta sentensi ya kwanza, kisha ya pili, linganisha majibu ya ukurasa wa kwanza. Tovuti zinazotokea zikiwa zilezile kwa sehemu kubwa, maneno hayo ni fungu moja. Zikiwa tofauti, yatenganishe. “Gauni la sendofu” shemeji aliling’ang’ania liingie kwenye mashela. Majibu yalimkataa. Shoga yangu alikuwa ameshasema: wa sendofu anataka rangi, wa shela anataka nyeupe, na wala hawaji dukani siku moja.

Kiswahili chetu nacho kina yake. Kamusi inasema mteja anakodi na mwenye mali anakodisha, lakini wateja wengi huandika “kukodisha shela” wakimaanisha kukodi. Vipande hivyo vikaenda fungu la kukodi bila maswali. Vikabaki viwili: “nataka kukodisha shela langu” na “nani anachukua shela lililotumika.” Shemeji alitaka kuvitupa. Shoga yangu akamshika mkono. Kumbe kila baada ya wiki kadhaa hufika dukani dada aliyeshafunga ndoa, amenunua shela kwa bei mbaya, linajaza kabati, anaomba liwekwe pale likodishwe wagawane. Shoga yangu huwa anawarudisha kwa kuwa hawajapanga utaratibu. Mumewe hakuwahi kuambiwa. “Mbona hukusema?” “Uliuliza?”

Nikajifanya naangalia simu yangu.

Kufika saa saba usiku, kurasa 38 zilikuwa zimebaki 7. Mmoja mkubwa wa kukodi shela, wenye bei, saizi, advansi, na siku ngapi unakaa nalo. Mwingine wa suti za bwana harusi na wapambe. Wa magauni ya sendofu na kicheni pati. Wa lini uanze kutafuta shela. Wa kufua na kutoa madoa. Wa wenye mashela yao. Na wa jinsi ya kufika dukani, kwa sababu nusu ya meseji zilikuwa “mko upande gani?” Kurasa ndogo zinaelekeza kwa kiungo kwenye ule mkubwa. Za zamani hazikufutwa hivihivi. Anwani zake zilielekezwa kwenye kurasa mpya, ili aliyehifadhi kiungo cha zamani asikute mlango umefungwa.

Kilichokuwa kigumu kuliko Google ni bei. Shemeji hakutaka iandikwe, eti washindani wataona. Shoga yangu hakubishana. Aliokota vipande vyote vyenye neno “bei” akavipanga mbele yake kwenye mkeka, kimoja baada ya kingine, mpaka vikagusa miguu ya meza. Bei iliandikwa. Na iwe hivyo kwenu pia, maana tangu 2024 Google imeanza kuweka majibu yaliyotungwa na akili bandia juu ya viungo. Swali la jumla kama kutoa doa linaweza kujibiwa hapohapo bila mtu kufika kwenu. Bei zenu na picha za mashela yenu hayana mwingine aliye nayo.

Mafungu hayo ndiyo yaliyowapa kalenda. Waislamu wengi huoa Shaabani kabla ya mfungo, Wakatoliki husubiri Kwaresma ipite, na Desemba kila ukumbi umejaa. Ukurasa wa “lini uanze kutafuta” hauwezi kuwekwa Novemba, wakati kamati imeshakaa vikao vinne. Wao huufanyia marekebisho miezi mitatu minne kabla ya kila msimu, na shoga yangu ndiye anayeamua tarehe.

Nyumba bado haina bati, nisiwadanganye. Lakini wiki iliyopita nilipita dukani nikamkuta shemeji peke yake, simu mkononi. Dada mmoja alikuwa ameuliza kama wana shela la mikono mirefu la kuvaa na hijabu. Wanayo matatu, na hakuna ukurasa unaoyataja. Shemeji alichana karatasi kutoka kwenye daftari, akaandika maneno ya yule dada kama yalivyo, akaibandika ukutani kando ya kioo. Chini yake akaongeza kwa kalamu nyekundu: “Nimuulize mama kwanza.”