Blogu ya bure ni nyumba ya kupanga

Anayetaka kufungua blogu bila gharama wala utaalamu wa kompyuta anaweza kuanza na Blogger, huduma iliyonunuliwa na Google mwaka 2003. Akiwa na akaunti ya Google, huchagua jina na sura ya ukurasa, kisha huandika. WordPress.com nayo hutoa nafasi ya bure, lakini huweka matangazo katika kurasa hizo.

Hata hivyo, mwandishi hubaki kuwa mpangaji. Microsoft ilipoifunga huduma yake ya Windows Live Spaces mwaka 2011, wenye blogu walilazimika kuhamishia maandishi yao WordPress.com au kuyapakua, vinginevyo yangepotea.

Njia nyingine ni kukodi nafasi kwenye seva na kuweka programu ya WordPress, ambayo haiuzwi. Uhuru huongezeka, ila kodi ya nafasi hiyo na ulinzi dhidi ya wavamizi humwangukia mwenye blogu.

Kwa anayeanza, Blogger inafaa zaidi, kwani humruhusu kutumia anwani aliyoinunua mwenyewe, kama vile ya .co.tz. Akihifadhi pia nakala ya maandishi yake kila mwezi, siku ya kuhama hatawapoteza wasomaji.