Jirani akiziba gari lako, linda moyo wako

UMEAMKA saa kumi na moja alfajiri ili uwahi kazini kabla ya msongamano wa magari. Unashuka ngazi na kukuta gari la jirani limeegeshwa nyuma ya lako. Bawabu hana ufunguo na simu ya jirani imezimwa. Moyo unaanza kudunda, uso unapata joto na mikono inatetemeka.

Ikiwa unaishi katika fleti za Kilimani, Kileleshwa, Donholm au South B jijini Nairobi, huenda unaijua vyema hali hii. Katika sehemu nyingi za Kilimani na Kileleshwa, penye ghorofa leo palikuwa na nyumba moja na bustani yake. Familia zimeongezeka lakini ua haujapanuka. Kila mpangaji huahidiwa nafasi moja ya gari, kumbe wengine wana magari mawili, na Jumapili wageni nao hufika.

Wengi huchukulia ugomvi wa maegesho kuwa shauri la majirani na keyateka pekee. La hasha! Ni suala la afya pia.

Ukikasirika, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu hubana na shinikizo la damu hupanda. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Maandalizi hayo humfaa mtu aliyekutana na simba, wala si mtu aliyesimama uani akisubiri gari liondolewe.

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha matokeo waliyoyapata baada ya kupitia tafiti 9 kuhusu hasira na moyo. Waligundua kwamba katika muda wa saa mbili baada ya mtu kulipuka kwa hasira, uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo hukaribia mara 5 ya ilivyo kawaida. Kwa mtu mwenye afya njema, tukio moja si la kuogofya sana. Wa kuhofia ni yule ambaye tayari ana shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo, na anayekasirika mara kwa mara. Jirani, kumbuka, unakutana naye kila siku.

Basi ni nini kinachoumiza zaidi, ugomvi wenyewe au yale yanayofuata? Kelele za uani huisha kwa dakika chache. Lakini wewe hupanda nazo nyumbani. Unamsimulia mkeo au mumeo, unawasimulia wenzako kazini, na usiku unalala ukipanga maneno utakayomwambia kesho.

Mwaka 2024, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Columbia, pia cha Marekani, waliwachunguza watu wazima 280 wenye afya. Baadhi yao waliambiwa wakumbuke kwa dakika 8 jambo lililowahi kuwakasirisha. Uwezo wa mishipa yao ya damu kutanuka ulipungua, na hali hiyo ilidumu hadi dakika 40. Zingatia, msomaji, kwamba hakuna aliyewatukana siku hiyo. Walikumbuka tu. Kila unapoirudia kesi ya maegesho akilini, mishipa yako huweza kuumia upya.

Wapo wanaosema ni heri kupiga kelele, kugonga meza au kupiga honi mpaka mtaa mzima uamke, ati hasira itoke. Utafiti mwingine wa mwaka 2024, wa Chuo Kikuu cha Ohio State, ulipitia tafiti zaidi ya 150 na kuona kwamba kufoka hakupunguzi hasira. Kinachosaidia ni kuutuliza mwili.

Kwa hivyo, ukikuta umezibiwa, fanya hivi:

• Simama kando ya magari. Vuta pumzi polepole kwa pua, itoe polepole zaidi kwa mdomo, na urudie mara kumi kabla ya kumwendea mtu yeyote.

• Mtume bawabu au nenda mwenyewe kwa adabu. "Mama Brian, samahani kwa usumbufu, naomba unisaidie gari litoke" hufungua mlango upesi kuliko matusi.

• Usitoe upepo kwenye magurudumu wala kukwaruza rangi. Utajiongezea kesi ya polisi.

• Likijirudia, lipeleke kwa kamati ya wakazi kwa maandishi. Kwa fleti ambazo kila nyumba ina hatimiliki yake, sheria ya mwaka 2020 inatoa nafasi ya kuwa na kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro. Mpangaji naye asome mkataba wake aone kama nafasi ya gari imetajwa.

• Kila mwenye gari aache nambari ya simu kwa bawabu, na simu hiyo isizimwe usiku.

Tujiulize pia, je, wewe hujawahi kumzibia mwenzako? Njia ya kutoka langoni ikizibwa, anayeweza kuchelewa si mfanyakazi tu. Anaweza kuwa mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, au mtoto aliyebanwa na pumu. Ambulensi haiwezi kuruka gari lako. Kamati ya wakazi ikikubaliana jambo moja tu, na liwe hili: njia ya langoni isizibwe hata kwa dakika tano.

Ikiwa hasira hizi zinakunyima usingizi au zinakuumiza kichwa, nenda kliniki ukapimwe shinikizo la damu. Kipimo kikifika 140 juu ya 90 au zaidi katika siku tofauti, daktari atakuambia la kufanya. Wengi wenye maradhi haya hawahisi lolote. Lakini ukisikia kifua kubana, au upande mmoja wa mwili ukifa ganzi na ulimi ukawa mzito, usingoje asubuhi. Kimbilia hospitalini mara moja.

Saa kama hiyo ikifika usiku wa manane, ndugu zako huenda wako mbali. Gari la karibu litakalokufikisha kwa daktari huenda likawa lile lile lililokuzibia wiki jana. Jitahidi mwenye gari hilo asiwe adui yako.