Kumtumaini Mungu Msibani Si Kuzuia Machozi

Jumamosi ya Mei 6, 2017, basi lililobeba wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Lucky Vincent, jijini Arusha, lilitumbukia bondeni Rhotia, wilayani Karatu. Watoto walikuwa njiani kwenda kufanya mtihani wa kujipima na wenzao. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Siku mbili baadaye, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulijaa majeneza na vilio.

Miaka imepita, lakini swali la siku ile hurudi kila msiba unapoingia mitaani kwetu Elerai: Mungu mwema alikuwa wapi? Tumezoea kulijibu haraka. Mtu anafika, hata kiti hajakalia, anamwambia mama aliyefiwa, “Jikaze, kazi ya Mungu haina makosa.” Neno hilo ni la imani, ila likiwahi mno linamziba mfiwa mdomo.

Vitabu vitakatifu havimzibi. Ayubu alilalamika waziwazi. Rafiki zake walimfaa walipokaa naye chini siku saba bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kumpa sababu. Katika Qurani, Nabii Yakubu alimlilia Yusufu hadi macho yakapofuka, wala hakukata tamaa na Mola wake.

Ajalini Rhotia walinusurika watoto watatu. Wamarekani waliokuwa wakipita walisimama, wakasaidia, kisha wakahangaikia matibabu ya watoto hao Sioux City, Iowa. Agosti mwaka huohuo watoto walirejea. Tumshukuru Mungu, lakini tusithubutu kuwaambia wazazi wa wale 32 kwamba wanao walipendwa kidogo.

Elerai nako wema kama wa wapita njia wale tunauona: turubai linafungwa kabla jua halijazama, kinamama wanainjika sufuria la chai, kijana anashika daftari la rambirambi, Muislamu na Mlutheri wanakaa benchi moja. Tatizo huja turubai likishaondolewa, wageni wakatawanyika, mfiwa akabaki na kitanda kitupu.

Naamini Mungu ni mwema, hata kwa waliozika watoto wao. Imani hiyo haituruhusu kupuuza breki mbovu na mwendo kasi, kisha tuseme ni mapenzi Yake. Wala haitudai majibu tusiyo nayo. Inatudai miguu: arobaini ikipita, rudi ukabishe hodi, kaa, mwache mfiwa amtaje marehemu wake kwa jina, na akilia, usimnyamazishe.